Siku Kumi na Sita za Skolastika

Skolastika Mbilinyi aliweka kiganja chake, ile kompyuta ndogo ya mkononi, mezani kwangu saa mbili asubuhi, na hakukiweka taratibu.

"Hii ni mara ya nne," alisema. "Nimeambiwa nibonyeze tena, nimebonyeza. Nimeambiwa nikizime nikiwashe, nimekizima nimekiwasha. Sasa wewe fundi niambie, kinanikataa mimi au kinakataa nilichoandika?"

Alikuwa muuguzi wa vijiji vitatu vya nyuma ya mlima, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, asiyepaza sauti. Hata asubuhi hiyo hakuipaza. Buti zake zilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kamba. Mvua za mwanzo wa mwezi ule zilikuwa zimeporomosha nusu ya kilima juu ya barabara na kuangusha mnara wa mawasiliano, naye akabaki upande wa pili kwa siku kumi na sita, bila njia na bila mtandao. Hakuacha kuwatembelea wagonjwa wake, na kila alichokiona alikiandika kwenye kiganja. Barabara ilipofunguliwa alirudi kituoni kwetu Idundamo. Ilikuwa siku ya tatu tangu arudi, na kiganja chake na kompyuta ya kituo vilikuwa bado havielewani.

Kila muuguzi wa kanda yetu ana kiganja. Asubuhi kinamwambia aende kwa nani, ampe dawa gani, kiasi gani. Jioni kinapokea habari za wagonjwa. Akifika karibu na kituo, kinasawazishwa kwa njia ya hewa: ya kwake yanaingia kwenye kompyuta, ya kanda yanaingia kwenye kiganja. Dawa ambayo kiganja hakijaitaja, muuguzi haitoi. Sheria hiyo ilikuja baada ya watu kupewa dawa zisizo zao, na imeokoa wengi. Nalisema hili mapema ili nisidhaniwe mtu wa kuchukia mashine. Nimeishi kwa kuzitengeneza.

Nilianza na mambo ya kawaida. Redio ya kompyuta ilikuwa inakiona kiganja vizuri kabisa; palikuwa na hatua mbili tu kati yao. Nikafuta uoanishaji wa zamani, ule unaovifanya vitambuane, na kuvioanisha upya. Namba sita zilitokea huku, namba sita kule, zikafanana. Nikabonyeza kusawazisha. Mstari wa kijani ukatembea mpaka mwisho, ukasimama kidogo, ukarudi mwanzo. Imeshindikana. Jaribu tena.

"Umeona," alisema Skolastika.

"Nimeona, dada."

Kompyuta ya kituo ni ya ule ukoo wa zamani usiohitaji picha wala vitufe. Unaiandikia amri kwenye dirisha jeusi, inatii au inakataa, na ikikataa inakupa sababu kwa mstari mmoja. Tatizo ni kwamba sababu hizo humfikia fundi tu; muuguzi yeye huambiwa ajaribu tena. Nikaisimamisha programu inayopokea viganja, ile inayokaa nyuma kimya ikingoja kubishiwa hodi. Nikaiwasha upya kwa mkono na kuiamuru itamke kila hatua. Kisha nikamwambia Skolastika abonyeze.

Ikatamka. Imebishiwa hodi. Imekitambua kiganja namba thelathini na moja. Ufunguo ni sahihi. Imepokea kumbukumbu mia mbili na nane. Halafu, mara mia mbili na nane, mstari ule ule: imekataliwa, siku imeshajazwa.

Redio haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa haijawahi kuwa nao.

"Imejazwa na nani?" Skolastika aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akisoma. "Mimi ndiye mwenye siku hizo."

Nilifungua siku zake kumi na sita kama zilivyokuwa ndani ya kompyuta. Zote zilikuwepo, safi, kila mgonjwa kwenye mstari wake. Nikasimama kwenye siku ya tisa, nikasoma jina lililokuwa juu kabisa. Anjelista Sanga, miaka ishirini na sita, kifafa. Amepewa Tulizo, kidonge kimoja. Hali nzuri. Hakuna madhara.

Skolastika aliusoma mstari ule, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani.

"Anjelista alikufa siku ya sita," alisema. "Jumanne. Ya saba tulimzika. Nilimwosha mimi na mama yake."

Akanieleza polepole, kama mtu anayehesabu vitu alivyobeba. Tulizo kilikuwa kidonge kipya cha kifafa, kilicholetwa vijijini kwake wiki ile ile ya maporomoko. Kiganja kilimwambia awape watu kumi na mmoja, akawapa. Siku ya nne watano walikuwa wanatapika na macho yamekuwa ya njano. Siku ya tano, Jumatatu, alikisimamisha kwa wote kwa uamuzi wake mwenyewe, akaandika kwamba amekisimamisha na kwa nini. Wanne wakapata nafuu. Anjelista alikuwa ameshakwenda mbali mno.

"Na hiyo mashine yako inasema ameendelea kumeza," alisema. "Amelala kaburini, anameza kidonge kila asubuhi, na hali yake ni nzuri."

Ilinibidi nimwambie, nikamwambia bila kugeuka. Aliyejaza siku zile alikuwa Mjazaji, na Mjazaji niliiandika mimi.

Miaka minne iliyopita muuguzi aliyekatika na mtandao alihesabiwa mtoro. Wagonjwa wake waliondolewa kwenye orodha na dawa zao hazikutumwa. Watu walikaa bila dawa za shinikizo la damu kwa sababu tu ya mvua. Nikaandika programu ndogo inayotazama siku zilizotangulia na kukisia yale ambayo huenda yametokea, ili dawa zisikatike. Kila siku iliyokisiwa niliitia alama. Siku ya kweli ikifika, ya kukisia inafutika. Nilijivunia kazi ile. Nilimwonyesha kila mtu.

Sasa nilikuwa natazama mstari mmoja ulioongezwa baadaye: siku iliyojazwa na kupelekwa kanda haifunguliwi tena. Kompyuta hizi huhifadhi jina la kila anayegusa kitu. Jina lililokuwa pembeni ya mstari huo lilikuwa langu, Fidea Tweve. Nikaikumbuka barua ya ofisi ya kanda iliyoniagiza kuuweka. Kanda walikuwa wamechoka na taarifa zinazobadilika baada ya kusomwa kwenye mikutano. Nilipoipata niliona kwamba ni jambo la kijinga, na nililiweka kabla ya chakula cha mchana kwa sababu sikutaka kubishana na mtu.

Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni, na nikakosa pa kuielekeza.

Niliendelea kusoma. Kanda walikuwa wamepokea siku zile kumi na sita na kufikia hitimisho: Tulizo kimejaribiwa katika vijiji vya nyuma ya mlima, madhara sifuri. Kuanzia kesho asubuhi wauguzi wote ishirini na watatu wakitoe kwa wagonjwa wao wa kifafa, watu mia tatu na kumi. Ratiba ilikuwa inafungwa leo saa kumi alasiri.

Nilimwita mkuu wa kituo, Bwana Leodgar Luvanda. Alikuja akiwa bado na kalamu mkononi, akasoma, akasoma tena, akapiga simu kanda na kuweka sauti ili sote tusikie. Aliyepokea alikuwa mratibu wa dawa, mwanamke mwenye adabu nyingi.

"Mfumo unaonyesha madhara sifuri," alisema.

"Muuguzi mwenyewe yuko hapa mbele yangu," alisema Luvanda.

"Vizuri. Basi asawazishe."

"Kompyuta inamkataa."

"Basi ajaze fomu ya pingamizi. Inajibiwa ndani ya siku thelathini."

Skolastika aliinuka akaichukua simu. "Mama, mimi nimemwosha maiti kwa mikono hii."

"Pole sana, dada. Nakuamini. Lakini sina mahali pa kuliandika hilo."

Simu ilipokatwa, Luvanda alibaki akiitazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa miaka miwili kabla ya kustaafu.

"Kwa nini tusiwapigie wauguzi wenyewe?" nilisema. "Tuwaambie wasikitoe."

"Tangu jana nimewapigia sita," alisema Skolastika. "Wawili wamekubali. Wanne wameniambia wazi kwamba kiganja kikisema, watatoa. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alisimamishwa kazi miezi mitano kwa kukataa. Siwalaumu. Nawalaumu, lakini siwalaumu."

Luvanda ndiye aliyeleta njia ya kwanza. "Leo haijajazwa," alisema. "Badilisha saa ya kiganja. Yote aliyoandika yasomeke kuwa yametokea leo. Kompyuta itayapokea."

Alikuwa sahihi. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, isiyogusa mtu mwingine yeyote. Nilishakivuta kiganja karibu.

"Hapana," alisema Skolastika.

"Dada, ni tarehe tu."

"Si tarehe tu. Mimi nilikisimamisha kile kidonge Jumatatu. Ukiandika leo, itasomeka kwamba niliwapa siku zote kumi na sita, nikawaangalia wakigeuka njano, nikaacha leo. Na sahihi ni yangu." Alitoa kitambaa akafuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Halafu Anjelista hakufa leo. Alikufa Jumanne. Mashine imeshasema uongo juu yake siku kumi na moja. Sitaki na sisi tuongeze."

Nilikasirika naye pia. Watu mia tatu na kumi, na yeye anashikilia Jumanne. Kisha nikajaribu kufikiria uchunguzi wa kifo kile ukisomwa na tarehe zetu za kughushi, na Tulizo kikirudishwa sokoni kwa sababu ushahidi dhidi yake ulikuwa wa uongo. Nikakiweka kiganja chini.

Njia ya pili niliijua tangu mwanzo na nilikuwa naikwepa. Kwenye mashine hizi kuna mtumiaji mmoja asiyezuiwa na chochote, anaitwa mzizi, na neno lake la siri nilikuwa nalo mimi. Kama mzizi ningeweza kuung'oa ule mstari wangu. Lakini mstari ule haukumhusu Skolastika peke yake. Ukiondoka, kila siku iliyowahi kujazwa mwezi huu katika kanda nzima inafunguka, hata mstari ukirudishwa haijifungi tena, na ratiba ya dawa haitoki kwa muuguzi mwenye siku iliyo wazi mpaka athibitishe mwenyewe. Nikaiuliza kompyuta wako wangapi. Ikajibu ishirini kati ya ishirini na watatu. Zaidi ya theluthi moja ya siku za mwezi zilikuwa za kukisia. Kuna vijiji ambavyo hakuna mtu aliyevitembelea tangu mwezi uanze, na kila mgonjwa huko alikuwa na hali nzuri.

"Kesho viganja ishirini vitakuwa vitupu," nilimwambia Luvanda. "Tulizo hakitatoka. Na vingine havitatoka."

"Insulini?"

"Nayo."

"Kifua kikuu? Shinikizo la damu?"

"Vyote. Mpaka wathibitishe."

"Unajua kuna watakaoumia."

"Najua."

"Unajua, na bado unaniuliza." Akageukia mlango. "Mimi siwezi kukuruhusu, Fidea. Nakwambia mbele ya Dada Skola, sijakuruhusu." Akatoka, akaacha kalamu yake juu ya meza yangu.

Tulikuwa na saa tano. Kabla ya kugusa kitu, tulishika simu mbili, mimi yangu na Skolastika yake, tukaanza kuwapigia wale wauguzi wengine kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine. Tuliwaambia maneno yale yale: kesho kiganja kitakuwa kitupu, msishtuke, toeni dawa za kila siku kwa daftari lenu la karatasi, thibitisheni siku zenu mapema mwezavyo. Wengine walibisha. Mmoja alinitukana kwa Kikinga na nikamjibu kwa Kikinga. Hadi saa tisa tulikuwa tumewapata kumi na watatu. Sita hawakupatikana.

Saa tisa na dakika ishirini Skolastika aliniuliza, "Tungoje?"

"Tukingoja tutawapata wawili. Au hakuna."

Nikaingia kama mzizi. Nikaufungua mstari wangu, nikaufuta, nikahifadhi, nikaiwasha programu upya. Kuharibu kanda nzima kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Skolastika akabonyeza kiganja chake.

Imebishiwa hodi. Ufunguo ni sahihi. Imepokea kumbukumbu mia mbili na nane. Imekubali mia mbili na nane.

Baada ya dakika nne kanda ilijibu yenyewe, bila mtu: Tulizo kimesimamishwa, sababu kifo kimoja, madhara matano. Dakika nne. Siku tatu alikuwa amesimama kwenye korido yetu akiambiwa ajaribu tena. Nilitaka kuivunja ile kompyuta kwa kiti. Skolastika alikunja kitambaa chake, akaomba maji ya kunywa.

Mzee Method Kyando, wa kijiji cha Mbela, alikuwa na kisukari tangu ujana. Muuguzi wake alikuwa mmoja wa wale sita. Asubuhi alifungua kiganja akakikuta kitupu. Insulini ilikuwa ndani ya boksi la baridi, begani kwake. Alikaa na mzee barazani, akamwambia mashine haijasema, angoje. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu walimbeba kwa machela kuelekea hospitali, akafia njiani.

Nilimkasirikia yule muuguzi kwa siku mbili nzima. Boksi lilikuwa begani kwake. Kisha nikaikasirikia sheria iliyomfundisha kuogopa dawa aliyoibeba. Siku ya tatu hasira ikarudi nyumbani kwake, kwangu mimi. Nilikuwa nimeamua saa tisa na dakika ishirini, na ningeweza kuamua saa kumi kasoro tano.

Nilikwenda Mbela. Kwa Kyando hawakunifungulia mlango. Nilisimama nje mpaka mbwa akachoka kubweka, nikaondoka.

Ilikuja kamati ya kanda, ya watu watatu. Waliniuliza nani aliniruhusu, nikasema hakuna. Mmoja wao aliuliza nadhani nimeokoa watu wangapi, nikamwambia sijui, na yeye hajui, na Mjazaji ingeweza kukisia kwa niaba yake kama anapenda. Hakupenda. Luvanda alisema kweli, kwamba hakuniruhusu. Wakanisimamisha kazi. Skolastika hawakumgusa, maana kumbukumbu zake zilikuwa na tarehe zake. Kabla ya kuondoka, mwenyekiti alinivuta pembeni akaniambia kwamba, baada ya adhabu, kanda ingehitaji Mjazaji mpya, bora zaidi, na nani anaijua kazi ile kuliko mimi. Akanipa barua. Niliisoma yote, nikiwa nimesimama, kisha nikamrudishia.

Jumamosi iliyofuata Skolastika alinipeleka nyuma ya mlima. Mama yake Anjelista, Bi Ediltruda Sanga, alikuwa uani akipasua mianzi ya kusukia vikapu. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea na kisu chake. Skolastika alimweleza mimi ni nani: fundi aliyezima ile mashine. Alitaka kunisaidia.

"Ilikuwa inasemaje?" Bi Ediltruda aliuliza. "Hiyo mashine. Juu ya mwanangu."

Skolastika akanitazama.

"Ilisema anameza dawa kila siku, mama, na hali yake ni nzuri," nilisema. "Iliendelea kusema hivyo baada ya kumzika. Siku tisa."

"Nani aliyeiambia?"

"Mimi. Niliiandika ili iseme hivyo ikiwa haijui."

Kisu kikasimama. Alinitazama muda mrefu, na sikuona uso wake ukilegea hata kidogo. Nilingoja anifukuze. Ningeshukuru.

"Wewe ulimjua Anjelista?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Ulijuaje basi hali yake?"

Alisogeza rundo la mianzi kwa mguu, pakapatikana nafasi ya mtu kukaa.

"Kaa hapo," alisema. "Una kalamu? Nitasema mimi, wewe uandike. Usiongeze neno." Akangoja nifungue daftari. "Siku ya kwanza alikula uji wote, akaniambia kidonge ni kichungu. Andika. Siku ya pili alisuka mpaka mchana, akasema miguu mizito. Umeandika? Nisomee."

Nikamsomea.

"Sikusema alichoka. Nimesema miguu mizito. Futa."

Nikafuta.